SiPM na LYSO: kilele kinahama na joto. Itaingiaje ndani ya MRI?

Kaskazi_MLD
Salaam wakuu. Tuna SiPM (kihisi cha mwanga cha silikoni) ya milimita 3 kwa 3, vijumba 3,600 vya kunasa fotoni, imegundishwa kwenye fuwele ya LYSO ya 3×3×20, ile inayometa ikipigwa na miale ya gamma. Volteji ya kuporomoka (pale kihisi kinapoanza kukuza ishara) ni 24.5, tunaipa 27. Hapa Malindi kilele cha nishati kwenye grafu kinashuka asilimia 8 hivi kati ya alfajiri (nyuzi 24) na alasiri (nyuzi 32). Gundi imeachia? Moduli inakusudiwa kuingia MRI (mashine ya picha za mwili kwa sumaku) ya tesla 3, na chanzo cha mionzi cha sodiamu-22 cha kusawazishia hatuna.

fundi_mkomani
Waalaikum salaam. Gundi usiisingizie. Volteji ya kuporomoka ya silikoni ya aina hiyo hupanda kama milivolti 21.5 kwa kila nyuzi. Kwa nyuzi 8 ni volti 0.17. Ukuzaji hufuata zile volti 2.5 zinazozidi 24.5, si 27 zote, basi asilimia 7 imeshakwenda. Iliyobaki ni unasaji wa fotoni, nao hupungua kwa sababu hiyo hiyo. Bandika thamista (kipima joto) nyuma ya bodi, karibu kabisa na kihisi, volteji ifuate joto.
Kupoza kwa Peltier (kibamba kinachopoza kwa umeme) usikukimbilie. Kwa unyevu wa pwani, ukishuka chini ya nyuzi 24 bodi inatoka jasho, chumvi iliyotuama inayeyuka, na mkondo unaovuja utaudhania kelele za gizani, yaani ishara za kihisi zisizotokana na mwanga. Lazima upoze? Ziba kisanduku, tia silika jeli.

BintiShela
Chanzo unacho tayari, ndugu yangu: lutetiamu-176, yenye mionzi yake, imo ndani ya LYSO yenyewe. Weka fuwele mbili ubavu kwa ubavu, kila moja na kihisi chake. Moja ikinasa beta, soma ya pili: utaona gamma za 202 na 307 keV (kipimo cha nishati).
Uwiano wa hizo mbili ni 1.52. Ukipata 1.4, vijumba vinakwisha. Kwa 511 keV, nishati ambayo sodiamu-22 ingekupa, LYSO hutoa fotoni kama 15,000. Nusu zikifika na asilimia 40 zikinaswa, ni 3,000 zinazogombea vijumba 3,600. Vitakavyowaka ni kama 2,035 tu, maana fotoni nyingine huangukia kijumba kilichokwisha kuwaka. Sahihisha kwa logi (logariti) kabla hujachora mstari wowote.

Kaskazi_MLD
Ahsante dada. Na sumaku je?

fundi_mkomani
Kihisi chenyewe hakiisikii. Elektroni husafiri mikroni chache tu. Kwenye mirija ya zamani ya kukuza mwanga huruka sentimita nzima kutoka bamba hadi bamba, zikapotoshwa hata na militesla chache.
Matata ni vilivyokizunguka. Ning'iniza kila kipande kwa uzi karibu na sumaku ya neodimiamu: kikivutwa, kitoe. Pini za viunganishi ndizo wahalifu wakubwa, nyingi zina nikeli chini ya dhahabu. Koili zenye ferati (kiini cha sumaku) hushiba, kwa hiyo kigeuza volteji kibaki nje ya chumba.
Kinga ya shaba unaihitaji, maana mawimbi ya redio ya MRI ya tesla 3 yako karibu megahezi 128, ila usiifunge bamba zima. Gradienti (sumaku za MRI zinazobadilika haraka) zikibadilika, mikondo huzunguka ndani ya shaba, ikapasha joto moduli na kupinda picha. Ikate mistari, halafu funika nyufa kwa tabaka la pili lililotengwa na plastiki.