Mwenye familia akitaka stesheni wagoni yenye nguvu, mnamuuzia mzoga wa gari au mnamsukumia Nissan Dualis. Hii tabia ikome!

Wakuu, salamu kwenu. Leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Baba wa watoto watatu akiuliza anunue stesheni wagoni gani (lile gari la familia lenye buti refu nyuma) yenye nguvu, ya kwendea kazini wiki nzima na ya safari ya Moshi ikifika Desemba, majibu ni yale yale kila mara. "Chukua Toyota Harrier." "Dualis inatosha, kwani unakimbilia wapi?" "Subaru ni gari za vijana, utahamia gereji." Hakuna anayemuuliza anaishi mtaa gani, anabeba nini, anapita njia ipi. Mtu ameleta swali la maana, anarudishiwa kejeli na watu ambao hawajawahi kumiliki hilo gari wanalolitukana.

Nianze na hilo la "unakimbilia wapi", kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Anayesema hivyo aishike barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe hadi Same siku ya tarehe 22 Desemba, watoto wako nyuma, mbele yake kuna lori na tela lake linatembea 60. Njia ni moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ili ulipite hilo lori salama unahitaji kama mita 20 nyuma yake, mita 17 za urefu wake, urefu wa gari lako, na mita 20 nyingine kabla ya kurudi upande wako. Hapo ni zaidi ya mita 60 za kulizidi. Gari likijikongoja likakupa tofauti ya kilomita 20 tu kwa saa, utakaa upande usio wako sekunde 11. Gari lenye pumzi likakupa tofauti ya kilomita 30, ni sekunde 7 na kidogo. Sasa weka basi linalokuja mbele kwa 80. Yule wa kwanza anahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu. Wa pili anahitaji kama mita 350. Hizo mita 150 za tofauti ndizo zinazoamua kama familia inafika nyumbani. Kila mwaka tunazika watu waliogongana uso kwa uso wakiwa katikati ya kupita lori, halafu mtu anakuja kusema nguvu ya injini ni mambo ya vijana!

Na tuelewane: sizungumzii kupaa na gari. Kijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, trafiki wa tochi yupo, faini ni 30,000, na kilicho kizito kuliko faini ni watoto wa watu wanaovuka barabara kwenda shule. Nguvu ninayoitetea ni ile ya sekunde chache unapolipita lori, kisha unarudi kwenye mwendo wako.

Dualis ya 2.0 ina nguvu za farasi 137 na gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua. Ni gari la heshima kwa mtu wa mjini, silitukani. Lakini lipakie watu watano, mabegi, gunia la mchele na AC ikiwa imewashwa, kisha uombe nguvu kwenye mlima. Utasikia kelele nyingi na mshale wa spidi unapanda kwa kujivuta. Halafu mwenye familia aliyenunua hilo ndiye mnayemwambia "amejipanga".

Sasa angalieni mnachokidharau. Subaru Legacy Touring Wagon ya mwaka 2003 hadi 2009, ile tunayoiita BP5, ilipotoka ilichukua tuzo ya Japani ya gari la mwaka 2003-2004. Toleo la GT lina injini ya EJ20 yenye turbo, farasi 260 kwa otomatiki, na spec B ya gia za manyuo ina 280. Magurudumu yote manne yanavuta. Injini imelala chini kwa hiyo uzito uko chini, na gari halilali kwenye kona za Mombo hata likiwa limejaa. Buti linameza mabegi ya familia nzima bila kufunga kitu juu ya paa. Toyota Caldina GT-Four nayo, injini ni 3S-GTE, farasi 260, na bado mtu anaiita "gari la kubebea nyanya". Subaru Levorg iliyokuja mwaka 2014 ina 1.6 turbo ya farasi 170 na 2.0 turbo ya farasi 300, buti la lita 522, na mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Kwa wenzetu wa Kenya, ambao sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 imewafungia mlango wa BP5, Levorg ndiyo inayobaki mezani.

Kuna jambo wajuaji hawalisemi kabisa. Ushuru wa bidhaa wa TRA, mamlaka yetu ya mapato, unatazama cc, yaani ukubwa wa injini, hautazami farasi. Legacy GT ni cc 1994, ipo kwenye 5%. Harrier ya 2.4 mnayoisukuma ni cc 2362, inalipa 10%. Ushuru wa uchakavu wa 30% kwa gari lililozidi miaka 10 zote zinaupata. Kwa hiyo mtu anashauriwa alipe kiwango kikubwa zaidi cha ushuru kwa gari zito lenye farasi 160, na mshauri anajiona ameokoa familia ya watu.

Basi tuseme mtu amewashinda maneno, ameamua anataka wagoni yake. Anaangukia mikononi mwa yadi.

Mdogo wangu mwaka jana alikwenda yadi moja hapa Dar kuangalia Legacy GT. Rangi inang'aa, viti vimeoshwa, kilomita zinasoma themanini na kitu elfu. Akaomba karatasi ya mnada ya Japani. "Ilipotea bandarini." Akaomba cheti cha kusafirishia nje, kile ambacho Wajapani huandika humo kilomita. "Kipo kwa wakala wa klirini." Akauliza mkanda wa taimingi umebadilishwa lini, akaambiwa umebadilishwa juzi tu, kwa kinywa kipana kabisa, mbele ya dalali aliyekuwa akitikisa kichwa kukubali. Akalipa. Fundi tuliyempelekea akafungua kava la mbele: mkanda ni ule ule wa kiwandani, umepasuka pembeni, na unatakiwa kubadilishwa ukifika kilomita 100,000. Akapima kompreshini, yaani mgandamizo ndani ya silinda, silinda moja ilikuwa chini kuliko wenzake kwa kiasi cha kutisha. Masega ya egzosi, yale ya kusafishia moshi, yalishatolewa na kuuzwa. Turbo ilikuwa inavuja oili. Tuliporudi yadi jibu lilikuwa "mtumba hauna garantii", na mlango ukafungwa.

Huo ni wizi. Nasema wizi, na nikiulizwa nitarudia. Aliyeuza alijua, kwa sababu aliyeondoa masega hakuyaondoa usingizini. Na kwenye EJ20 mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni, injini imekwisha hapo hapo. Fikirieni ukatike kwenye mlima wa Kitonga, lori liko nyuma, mama na watoto wako ndani. Mtu alikuwa tayari kuliruhusu hilo ili abaki na faida ya wiki moja.

Halafu hadithi inasambaa mtaani kwamba "Subaru ni mbovu". Hapana. Gari limeuliwa na watu, na tunawajua wanavyoliua. Vijana walionunua kabla walifungua egzosi, wakaongeza presha ya turbo bila kurekebisha chochote kingine, wakakimbizana usiku Bagamoyo Road, likichoka wakalisukumia yadi. Petroli iliyokusudiwa kwa hii injini ni ile ya daraja la juu ya Japani, oktani 96 kwenda juu, wao wanajaza kile cha bei rahisi popote walipo. Na lile tatizo la gasketi ya silinda hedi mnalolitaja kila uzi lilikuwa hasa la EJ25 isiyo na turbo. Mnachanganya injini mbili tofauti kisha mnamtisha mtu asiyejua.

Mafundi nao. Wapo wazuri, nawaheshimu, na wengine wamenifundisha mengi. Lakini wengi wanaiogopa Subaru na hawasemi wanaiogopa, wanaiharibu. Injini za EJ zenye turbo zina vichujio vidogo ndani ya bolti za mabomba ya oili yanayopanda kwenye hedi na turbo. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa ile feki ya madebe, vinaziba na turbo inakauka. Fundi anabadilisha turbo, mteja analipa, kichujio hakiguswi, turbo ya pili inakufa, na lawama anapewa Mjapani. Kwenye Levorg ndiyo balaa: CVT yake inataka oili yake maalum, mtu anamiminia haidroliki nyekundu ya gari lolote, halafu gia boksi ikianza kutetemeka anasema "hizi CVT ndivyo zilivyo".

Na matairi! Gari linalovuta magurudumu yote manne linataka matairi manne yanayolingana kimo. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili yaliyoisha nyuma, mfumo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma unafanya kazi isiyo yake kila mita unayotembea, unapata joto na kufa. Hili nimewaambia watu wa duka la matairi, wakaniangalia kama nimewaomba mkopo. Mtumba wa tairi wa miaka tisa anauziwa mama anayepeleka watoto shule, na tarehe imeandikwa ubavuni mwake, tarakimu nne, wiki na mwaka. Muuzaji anaijua. Anageuza upande ule uangalie ndani.

Hoja moja ya wapinzani ni ya kweli, nami naikubali: Legacy GT na Levorg ziko chini. Kama unakaa Madale ndani, Goba ya makorongo au Kinyerezi ile isiyo na lami, mvua za masika zitakutesa, na Levorg yenye sentimita 13 hivi chini ya tumbo haikufai. Lakini jibu la tatizo hilo si kumwekea mtu spesa juu ya shokapu za GT, kama mnavyofanya, mkageuza gari lililotulia barabarani kuwa kitanda cha mawimbi. Jibu limetengenezwa na kiwanda chenyewe: Outback. Ni wagoni ile ile ya Legacy, imenyanyuliwa hadi milimita 200. Toleo la 3.0R lina injini ya EZ ya silinda sita, farasi 250, haina turbo ya kuua na haina mkanda wa kubadilisha, ni mnyororo. Inakula mafuta, ndiyo, na ushuru wake ni ule wa 10%. Lakini anayetaka gari moja la kila siku, la familia, la barabara mbovu na la kupita malori kabla ya Same, sijaona kinachoizidi kwa bei ya mtumba. Ni mara ngapi mmemtajia mtu Outback ya 3.0 humu? Mnarukia Harrier kwa sababu jirani anayo na itauzika haraka. Tangu lini gari la familia likachaguliwa kwa jinsi litakavyouzika?

Ninachotaka ni hiki. Wenye yadi mnaosoma hapa, na najua mnasoma, wekeni karatasi ya mnada pamoja na picha za gari. Kama imeandikwa R au RA, yaani gari lilishapata ajali likarekebishwa, semeni hivyo na mshushe bei. Mteja akitaka kupima kompreshini kabla ya kulipa, mpeni gari na fundi wake apime mbele yenu. Anayekataa kupimwa tumwandike kwenye uzi huu, pamoja na ushahidi, ili wengine wasiingie. Ninyi washauri, mtu akiuliza wagoni mjibuni kuhusu wagoni, na kama hujawahi kuishi nalo sema hujawahi.

Na kwa wanaoendesha hizi gari kwa uaminifu, Legacy GT, GT-Four, Levorg, Outback za silinda sita: tajeni fundi anayeijua EJ na EZ kweli, aliyepo Dar, Arusha, Mwanza au Mbeya. Tajeni mnapopata mkanda halisi na vichujio vya zile bolti kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, na kituo gani cha mafuta kinauza oktani ya juu isiyochakachuliwa. Injini ya mdogo wangu inafunguliwa wiki ijayo, na majibu yenu ndiyo tutakayoyafanyia kazi.