MREJESHO: Mama mwenye kansa ya kongosho na ile hofu ya kansa nyingine

Wakuu habari za siku, mimi ndo yule niliyeuliza mwezi wa tatu kama kansa ya kongosho inaweza kuwa na uhusiano na kansa nyingine, maana mama alishatibiwa titi miaka ya nyuma halafu wakaja kuona uvimbe kwenye kongosho. Wengi mlinambia nisikubali kuambiwa ni bahati mbaya tu, niulizie kipimo cha vinasaba. Asanteni sana.

Basi tukapima, damu ikasafirishwa nje, tumesubiri wiki sita roho mkononi, majibu yakarudi mama ana hitilafu kwenye jeni (kinasaba) inayoitwa BRCA2. Dokta akasema kazi ya jeni hiyo ni kurekebisha DNA (ile nyuzi ya urithi ndani ya seli) ikikatika, ikiharibika inapandisha hatari ya titi, ovari, tezi dume na kongosho, kwa hiyo kansa za mama hazikusambaa toka moja kwenda nyingine, kila moja imeanza yenyewe ila mzizi ni mmoja. Hapo ndo nikaelewa. Wamembadilishia dripu ya dawa za kansa pia, wakamuweka kwenye dawa zenye platinamu, kansa za namna hii huwa zinazisikia zaidi.

Sisi watoto kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kurithi. Mimi nimepima, ninayo. Nina miaka 34, nimeanza MRI ya matiti (picha ya mashine ya sumaku) na mamogramu (eksirei ya matiti) kila mwaka. Kaka anagoma, anasema hayo mambo ya wanawake, wakati tezi dume inamhusu yeye, nimembembeleza mpaka nimelia. Mama anawasalimia, jana kala ugali kidogo.