Ndago bustanini: jembe, dawa au kutandaza?

MamaShangani
Wakuu, habari za leo. Nina kibustani nyuma ya nyumba hapa Mtwara mjini, udongo wa kichanga, nalima mchicha na bamia. Magugu mengine nayamudu, ila ndago zimenishinda. Ukipalilia leo, kesho kutwa zimechomoza tena. Jirani anashauri dawa, mume wangu anataka tuongeze kibarua wa jembe, na wengine wanatandaza nailoni. Kipi kinafaa kwa bustani tunayokula kila siku?

Mkorosho_Naliendele
Mama, shambani kwangu chini ya mikorosho natumia glaifosati, dawa ya kuua magugu. Ukipuliza majani yakiwa mabichi, dawa inateremka hadi mizizini, na ndani ya wiki mbili yote yamekauka. Changanya na maji safi, kwani maji ya tope yanaipunguza nguvu. Puliza asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka, siku isiyo na dalili ya mvua. Lakini kwa bustani yako sikushauri. Dawa ile haichagui: tone likipeperushwa kwenye mchicha, mchicha nao unakufa.

MzeeBwanaShamba
Binti yangu, kabla ya kuchagua, chimbua ndago moja taratibu, usiivute. Utaona uzi mwembamba umetoka kwenye shina ukaenda kwenye kinundu cheusi chenye ukubwa wa punje ya karanga. Kutoka hapo kuna uzi mwingine, kinundu kingine, mnyororo mzima. Kile cha mwisho, karibu na ncha, ndicho huchipua kwanza na kuvizuia vingine, navyo vimelala tu. Jembe likipita na kukata uzi, vyote vinaamka. Ndiyo maana kibarua akipalilia wakati wa mvua unapata ndago nyingi kuliko mwanzo.

Na dawa nayo ina kikomo hapo hapo: haivifikii vizuri vinundu vilivyolala. Utapuliza, utafurahi, kisha vitaota upya.

Huku kusini tumejaliwa kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi Oktoba. Jembe lifanye kazi wakati huo. Pindua udongo kwa jembe la uma, vinundu vikae juu viunguzwe na jua, rudia baada ya siku kadhaa, na kitalu hicho usikimwagilie kabisa. Kinundu cha ndago kikikauka kimekufa. Vingi vimo katika sentimita 15 za juu, kwa hiyo hauhitaji kuchimba kisima.

BiMikindani
Mbona wengine wanamwaga maji ya chumvi na magugu yanakauka?

MzeeBwanaShamba
Yanakauka, na udongo unaharibika pamoja nayo. Kwenye kichanga chumvi inashuka na maji hadi kwenye mizizi ya mpapai na mwembe. Tafadhali, mwenye bustani asithubutu.

Kijana_Newala
Nailoni zipo za aina mbili na watu wanazichanganya. Nyeusi inayafunika magugu yasipate mwanga. Inaua mengi, lakini ncha ya ndago ni kali, inaitoboa na kutokea juu. Ile inayopitisha mwanga ndiyo inapika udongo: unalowesha kwanza, unatandaza ikigusa ardhi, unafukia kingo zote, unaiacha wiki 4 hadi 6 za jua kali. Mbegu za magugu zinakufa vizuri. Vinundu vya chini zaidi vinaweza kusalimika. Huku kwetu maji ni ya shida, kwa hiyo mimi natandaza nyasi kavu. Haziizuii ndago, nasema ukweli, ila kishona nguo na mchicha pori zimepungua sana na unyevu unakaa. Kata nyasi kabla hazijatoa mbegu.

Dada_Mingoyo
Mmesahau kivuli jamani. Ndago haivumilii kivuli. Kitalu kilichojaa ndago mimi nakipandia matembele au kunde kwa kubananisha. Mwanzoni unang'oa kwa mkono, majani yakishafunga huoni tena ardhi, na ndago chache zinazotokea ni nyembamba, za njano njano. Na mboga unachuma muda wote huo. Kwa nyumba yenye watoto sioni njia nzuri zaidi ya hii.

MamaShangani
Nashukuruni sana. Mzee, shikamoo. Sasa hivi mvua bado zinanyesha, nisubiri hadi Juni?

MzeeBwanaShamba
Marahaba binti. Usisubiri. Ng'oa kila baada ya siku chache, kabla haijapata muda wa kutengeneza vinundu vipya, halafu panda matembele kama dada alivyosema. Juni acha nusu ya bustani ikauke, uipindue. Nusu nyingine endelea kula.

Mkorosho_Naliendele
Nyongeza kwa atakayetumia dawa uani au kwenye uzio: nunua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu, chupa yenye lebo, si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Mwaka 2015 chombo cha WHO cha utafiti wa saratani kiliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mamlaka nyingine, zikiwemo za Ulaya, hazikukubaliana nacho. Mimi navaa glavu, buti na barakoa kila mara.

Na mama, uliza samadi yako inatoka wapi. Ndago nyingi huingia na samadi au udongo wa kujazia. Pekua kabla hujamwaga.