Mrejesho: ule mkataba wa kufunga bei ya dola

Wadau, Januari 2024 niliwauliza kama nisaini mkataba wa fowadi na benki (mnakubaliana leo bei ya dola utakazonunua baadaye), nifunge bei ya dola 40,000 za kulipia vipuri kutoka Uturuki. Shilingi ya Kenya ilikuwa imeporomoka hadi karibu 160 kwa dola. Wengi mlisema funga nusu tu, nami nikafanya hivyo: dola 20,000 kwa 163, za kuchukua mwishoni mwa Aprili. (Hizo shilingi 3 juu ya 160 si utabiri wa benki, ni tofauti ya riba ya shilingi na ya dola.)

Februari serikali ikauza Eurobondi mpya (hati ya mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya zamani iliyokuwa iive Juni, na shilingi ikapanda ghafla. Siku ya kuchukua dola zangu, dola ilikuwa kama 133 sokoni, mimi nikalipa 163. Shilingi 600,000 hizo! Fowadi ni wajibu, huwezi kuiruka.

Kilichonikera zaidi ni meli ya vipuri. Iliikwepa Bahari ya Shamu ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, mzigo ukachelewa, lakini benki haikungoja. Kusogeza tarehe kuna gharama yake, kwa hiyo dola nilizichukua zikalala tu akauntini.

Nusu nyingine nilinunua kwa bei ya siku. Wastani ukawa 148, na bei ya duka nilikuwa nimeipigia hesabu kwa 160, hivyo faida ilibaki.

Oda ijayo nimeulizia opsheni: unalipa ada mwanzoni upate haki ya kununua kwa bei iliyofungwa, soko likikufaa zaidi unaiacha. Ada yenyewe ni kali, bado tunavutana.