Mjadala: Kijana kaitwa ng'ambo kufundisha Kiingereza, tumwambie nenda au kaa?

KARAFUU MBICHI
Assalamu alaikum. Jana baada ya magharibi hapa Chake tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Kijana wetu mmoja kamaliza chuo, kaitwa akafundishe Kiingereza kwenye skuli ya lugha ya binafsi huko Asia, wazee wote wanasema riziki haikataliwi, mie nikasema ngojeni kwanza, nikaambiwa nna choyo eti kwa sababu mie nilirudi na begi tupu. Sasa naleta hapa maana pale sikuachiwa nimalize.

Mie nimefundisha Thailand mwaka na miezi miwili, kwenye senta ya lugha ghorofa ya tatu juu ya duka la simu, tuisheni tu yakhe ila jina kubwa. Mkataba uliandika masaa 25 kwa wiki, nikaona mteremko. Kumbe masaa hayo ni yale ya kusimama mbele ya wanafunzi peke yake. Kipindi cha kwanza saa tatu asubuhi, halafu hakuna kitu mpaka saa kumi na moja jioni watoto wakishatoka skuli, unamaliza saa mbili usiku, na Jumamosi na Jumapili ni kutwa. Hapo katikati huruhusiwi kwenda kulala, ukae ukatekate karatasi za michezo au ushuke chini ugawe vipeperushi juani, bure. Ukiumwa unakatwa. Aprili wakafunga kwa ajili ya Songkran, mwaka mpya wao, hakuna kipindi hakuna pesa, na kodi ya chumba haijui Songkran.

Na hayo ningevumilia. Mwenzangu mzungu, kijana mzuri tu sina ugomvi nae, darasa moja kitabu kimoja, yeye baht (pesa yao) 35,000 mie 22,000. Nikauliza, nikajibiwa wazazi wanapenda mtu mwenye lugha yake. Tena mie ndo niliyetakiwa nikafanye TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, kwa pesa yangu, yeye la, na hana shahada ya ualimu. Siku wazazi wanakuja kuangalia darasa naitwa pembeni naambiwa leo sema unatoka Afrika Kusini. Mtu kazaliwa Chake, chuo cha Kurani kasomea Chake, leo ni wa Durban! Nikasema hivo hivo, na hilo ndo linaloniuma mpaka leo kuliko baht.

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka. Kwa sababu kibali cha kazi kimeandikwa jina la mwajiri, ukiacha kazi na ruhusa ya kukaa nchini inakwisha, hapo ndo fundo lenyewe. Kila nikitaka kufungua mdomo naikumbuka pasi yangu. Kwa hiyo mie nasema asiende mtu ambaye hajaiona visa yake ya kazi kwa macho yake kabla ya kupanda ndege. Basi. Sijasema watu wasiende.

MTU WA MUSCAT
Wa alaikum salaam. Kaka nakuheshimu lakini usipime bahari yote kwa ngalawa yako iliyotoboka. Mie nimefundisha maahad, senta ya lugha, Muscat, nimejenga Machomane, wadogo zangu watatu wamesoma kwa pesa ile ile. Zamani tabu ilikuwepo kweli, ukitaka kuhama mwajiri lazima akupe barua kwamba hana pingamizi, akikunyima unarudishwa kwenu na miaka miwili huingii Oman. Barua ile niliililia mie, nilimpelekea mwenye maahad mpaka halua ya Wete. Lakini Januari 2021 wameiondoa, ukimaliza mkataba unahamia kwengine. Na sheria yao ya kazi ya 2023 inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Nambie nani hapa Pemba atakupa hicho kwa kufundisha past tense.

BI TUISHENI
Huyo wa Muscat kanichekesha lakini kasema kweli. Jamani mnazungumzia Thailand kama hapa pana nafuu. Mie nafundisha tuisheni ya Kiingereza mjini Unguja, wanafunzi wangu nusu ni vijana wanaotafuta kazi za hoteli Nungwi na Paje. Nalipwa kwa kichwa. Mwanafunzi akilipa nusu na mie napata nusu, akitoroka katoroka na pesa yangu. Ramadhani tunafunga, mwezi mzima sina kitu na ndo mwezi wa matumizi. Chaki nanunua. Mkataba sijawahi kuuona hata wa kudanganyiwa, kaka Karafuu angalau weye ulikuwa na karatasi ya kulalamikia. Kwa hiyo mkimwambia kijana akae, akae afanye nini? Mie mwenyewe nikiitwa kesho naenda, na nitasema natoka popote watakapo.

KARAFUU MBICHI
Dada hapo umenipata, sikatai. Lakini hapa ukigombana na mwenye tuisheni unapanda daladala unarudi kwenu. Kule unarudi wapi?

MGOMVI WA DARAJANI
Nyote mnadhani tatizo ni rangi au ni pasi yetu. Kidogo ndio. Korea Kusini visa ya walimu wa lugha kwenye hizo hagwon zao, yaani senta za tuisheni, ile E-2, kwa wanaofundisha Kiingereza inatolewa kwa raia wa nchi saba tu, Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, kwa hiyo Mzanzibari hata awe na shahada tano mlango huo kwake umefungwa. (Mnaona sasa kwa nini Afrika Kusini ndo jina la kuazima.) Lakini hata hao wenye pasi zao wanaliwa. Mwalimu akimaliza mwaka Korea anastahili mshahara wa mwezi mmoja wa ziada, basi malalamiko ya siku zote kule ni watu kufukuzwa mwezi wa kumi na moja wa mkataba. Japani ndo walikuwa wajanja zaidi, zamani mikataba mingi ilikuwa inaandikwa masaa 29 na nusu kwa wiki, ile nusu imekatwa makusudi ili mtu asifike 30 mwajiri akatakiwa kumchangia bima. Na mwaka 2007 NOVA, kampuni kubwa kabisa ya skuli za Kiingereza Japani, ilianguka mwezi wa Oktoba, maelfu ya walimu wa kizungu wakabaki hawana mshahara na wengine wanatolewa kwenye nyumba kwa sababu kodi walikatwa kwenye mshahara na haikupelekwa kwa mwenye nyumba. Wengine wakawa wanafundisha kwa chakula. Wazungu hao! Kilichowasaidia ni kuwa walikuwa na vyama vya wafanyakazi vya kupiga kelele. Mpemba mmoja ghorofa ya tatu juu ya duka la simu chama chake nani?

MTU WA MUSCAT
Chama chake ni Wapemba wenzake, Muscat tumejaa mpaka msikitini.

MGOMVI WA DARAJANI
Muscat sawa. Huyu anakwenda Asia kule, hajui hata mtu wa kumuomba chumvi.

KIJANA WA WETE
Samahanini wakubwa zangu, nafikiri mnanizungumzia mie. Shikamooni. Ni China, senta ya watoto wadogo. Wakala kasema mshahara ni mara nne ya nitakaopata hapa na chumba bure. Visa nshapewa, ipo kwenye pasi, kwa hiyo Mwalimu Karafuu lile sharti lako nimetimiza. Baba kashauza ng'ombe wawili kwa ajili ya tiketi na pesa ya wakala.

KARAFUU MBICHI
Marahaba mwanangu. Ifungue hiyo pasi uangalie visa imeandikwa herufi gani, pale juu palipoandikwa aina.

KIJANA WA WETE
M.

KARAFUU MBICHI
M ni ya biashara, ya watu wanaokwenda kununua vitambaa na matairi. Ya kazi kule ni Z. Wakikukamata unafundisha na M, sheria yao inasema faini yuan 5,000 mpaka 20,000, na kesi ikiwa nzito unafungiwa siku 5 mpaka 15, kisha unarudishwa.

KIJANA WA WETE
Wakala kasema wote wanakwenda hivo, wanabadilishiwa hukohuko.

BI TUISHENI
Mdogo wangu, mie nlosema naenda popote, kwa visa hiyo ya M siendi.

MTU WA MUSCAT
Muulize leseni ya uwakala. Akikupa, ipeleke Kamisheni ya Kazi waitazame. Asipokupa umeshajibiwa.

KIJANA WA WETE
Ndege ni Jumanne.

KARAFUU MBICHI
Leo Alhamisi. Njoo kesho baada ya sala ya Ijumaa na pasi, mkataba, risiti ya tiketi na namba ya huyo wakala, na babaako aje. Tiketi tutauliza kama inarudishika au inasogezwa mbele. Nauli ya kutoka Wete ntakurudishia mie.