MJADALA: Anayeongoza taasisi zetu asome MBA au usimamizi wa teknolojia?

Mleta mada (Afisa TEHAMA, Morogoro):

Wakuu, heshima zenu. Kuna jambo linaninyima usingizi, na nalileta hapa kwa kuwa humu wamo wahasibu, wahandisi, watu wa ugavi na wenzangu wa TEHAMA.

Nafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo. Bodi imekubali kunilipia nusu ya ada ya masters kwa sharti moja, nisome MBA, yaani masters ya uongozi wa biashara. Mimi nataka usimamizi wa teknolojia. Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, ananiambia, "Mwanangu, MBA inajulikana hadi kijijini. Hiyo nyingine utaieleza mpaka lini?"

Niwaeleze kwa nini nimeng'ang'ania. Miaka minne iliyopita tulinunua mfumo wa kutunza hesabu za wanachama. Siku ya kikao cha kumchagua mzabuni niliitwa kuunganisha projekta, kisha nikaambiwa nisubiri nje. Waliobaki ndani wote walikuwa wasomi wa biashara, na upande wa bei hawakulala, walimshusha mzabuni karibu robo nzima. Lakini leseni ilihesabiwa kwa kichwa cha kila mtumiaji, kwa dola, kila mwaka. Na mkataba mzima haukuwa na mstari hata mmoja unaosema takwimu ni za nani.

Tulipotaka kuhama, mzabuni akatukabidhi takwimu zetu zikiwa picha. Kurasa mia tisa na kitu, kila ukurasa umepigwa picha, hakuna tarakimu unayoweza kuinakili. Tulikesha wikendi tano, watu sita, mmoja anasoma mwingine anachapa. Baadaye akaja mama mmoja muuza mchele na kitabu chake cha akiba alichokifunga kwenye pindo la kanga. Kitabu kinasema 1,840,000. Mfumo mpya unasema 184,000. Sifuri moja ilimponyoka mchapaji usiku wa manane. Mama hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Mwanangu, zingine mmezipeleka wapi?" Tukakaa naye kwenye benchi, tukahesabu ukurasa kwa ukurasa mpaka akaridhika.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: fedha za watu wetu siku hizi zinakaa ndani ya mifumo, na wanaosaini mikataba ya mifumo hawajui waulize nini. Msomi tunayemhitaji kwenye kile kikao ni wa usimamizi wa teknolojia. MBA tunazo za kutosha. Mnasemaje?

Mhasibu, Mwanza:

Mleta mada, pole kwa yaliyowapata, hasa huyo mama. Lakini nakupinga waziwazi. Kilichowaumiza ni mkataba mbovu, na mkataba ni kazi ya biashara.

Chukua M-Pesa. Kenya ilianza 2007, kwetu ikaja 2008. Huduma ile ile, menyu kwenye simu ya kitochi, meseji inaingia, kwisha. Kenya ikashika moto mapema, huku ikasuasua miaka ya mwanzo. Kabla ya kupata CPA nilikuwa wakala, nilikuwa na meza yangu na mwavuli karibu na stendi, kwa hiyo haya siyasomi kitabuni. Kinachobeba biashara ile ni mawakala: wako wangapi, wamekaa wapi, kamisheni yao inawalipa au haiwalipi, na nani anawajaza floti, yaani salio la kuhudumia wateja, ikikata saa tisa mchana. Ukimwambia mteja "floti imeisha" mara mbili, ya tatu humwoni, unamtazama anavuka barabara kwa jirani. Hapo hakuna seva itakayokuokoa. Hapo panataka mtu anayejua mzunguko wa fedha na tabia za wateja, na hayo ndiyo masomo ya MBA.

Ningekuwa wewe ningemsikiliza mzee. Teknolojia unayo tayari, digrii yako ya kwanza ni hiyo. Unachokosa ni lugha ya watu waliokuwa ndani ya kile chumba.

Mhadhiri, Dar es Salaam:

Nigusie hilo la "hiyo nyingine utaieleza mpaka lini", maana nalisikia kila muhula.

MBA ya kwanza ilianza Harvard mwaka 1908. Usimamizi wa teknolojia ulianza kufundishwa chuo cha MIT, Marekani, kama programu kamili mwaka 1981, wakati viwanda vya Marekani vikibanwa na Wajapani kwenye magari na elektroniki. Mwaka 1987 Baraza la Taifa la Utafiti la huko likachapisha ripoti ikieleza fani hii kama daraja kati ya uhandisi na uongozi wa biashara. Si kozi ya juzi. Na hapa nyumbani, ndaki ya uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina masters ya usimamizi wa uhandisi, ambayo ni ndugu wa damu na hii tunayoijadili.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Vipo vyuo vinavyochukua MBA, vinachomeka masomo matatu ya kompyuta, vinabadilisha jina. Kijana, omba mtaala kabla hujalipa hata shilingi. Tafuta humo: mikataba ya programu na leseni, gharama ya mfumo kwa miaka mitano na siyo bei ya siku ya kununua, hataza na hakimiliki, usimamizi wa miradi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usipoyaona, kasome MBA tu kwa amani.

Afisa ugavi, Dodoma:

Kaka, mimi naongea kama mtu anayekaa na makabrasha ya zabuni kila siku. Tangu 2023 ununuzi wa umma unapitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, na imetusaidia sana, kila hatua inaonekana. Lakini mfumo hauwezi kukuandikia mahitaji. Wanaoandika vigezo bado ni watu. Nimeona kamati ikiandika "mfumo uwe wa kisasa na rahisi kutumia" halafu inashangaa kila mzabuni amefaulu. Kwa hilo niko na mleta mada asilimia mia.

Ila usije ukaumia kwa mambo madogo. Ukisoma chuo cha nje, hata kwa njia ya mtandao, hakikisha kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanakitambua. Rafiki yangu alimaliza, akavaa joho, akapiga picha na familia, na cheti hadi leo hakijamsaidia kazini. Na ukitaka kuhamia serikalini, soma matangazo ya ajira kwa makini, fani zinazokubalika hutajwa kwa majina. MBA nimeiona mara nyingi. Usimamizi wa teknolojia nimeuona mara chache mno, na hilo nadhani ndilo la kupigia kelele kuliko yote kwenye mjadala huu.

Meneja, Nairobi:

Ndugu zangu, nina MBA. Niliisoma jioni baada ya kazi kwa mkopo wa Sacco, na sijutii. Wanadarasa wenzangu ndio ninaowapigia simu hadi leo. Lakini mwaka jana niliidhinisha kuhamisha mifumo yetu yote kwenda kwenye seva za kukodi. Kijana wetu alinieleza kwa dakika arobaini. Nilielewa bei. Mengine nilisaini kwa kumwamini yeye, na usiku ule sikulala vizuri. Akiondoka kesho, mimi sijui nilisaini nini. Mzee wa Morogoro alifikirie hilo pia.

Mleta mada:

Nawashukuru. Nimesoma yote zaidi ya mara moja.

Mhasibu wa Mwanza, kwenye mawakala umenishinda, sina pa kukimbilia. Lakini rudi nyuma kidogo, mwaka 2005, kabla M-Pesa haijazinduliwa. Kule Kenya walipoijaribu kwa mara ya kwanza, lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe, wakitumiana pesa. Waliokuwa wakiisimamia wakaliona hilo, wakaacha wazo lao la mwanzo, na ilipozinduliwa tangazo likawa tuma pesa nyumbani. Kutazama mfumo unavyotumika na kuwa na ujasiri wa kuugeuza, hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisomea. Floti na kamisheni zilifuata baada ya hapo.

Hata hivyo uliposema nakosa lugha ya watu wa mle ndani, uliniuma kwa sababu ni kweli. Jana nilikwenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, nikamsomea maneno ya meneja wa Nairobi. Alinyamaza muda mrefu. Suala la masters amesema atalirudisha bodi, hakuniahidi kitu. Ila mkataba wetu wa sasa unaisha Juni, na ameniambia safari hii nitakaa ndani ya kikao, na kipengele cha takwimu nikiandike mimi.

Nimeandika hivi: "Takwimu zote za wanachama ni mali ya chama. Mkataba ukiisha kwa sababu yoyote, mzabuni atazikabidhi ndani ya siku 14, bila malipo, katika majedwali yanayoweza kusomwa na mfumo mwingine, na hatazima huduma mpaka chama kithibitishe kwa maandishi kuwa salio la kila mwanachama limelingana."

Afisa ugavi, dada yangu, hapo kuna tundu? Na mhasibu, hizo siku 14 zinatosha kulinganisha salio za wanachama elfu tatu, au niombe 30?