MREJESHO: Kinanda cha bei nafuu kimepiga harusini, na kimetosha

Wakuu, niliuliza kama Yamaha PSR-E373 inafaa kupigwa jukwaani na bendi. Inafaa kabisa. Tundu la kutolea sauti ni moja tu, lilelile la hedifoni, na ukichomeka waya spika zake zinanyamaza. Aliyenishauri nipitishe waya kwenye DI boksi (kisanduku cha kuunganisha ala na miksa, kinachozuia mvumo wa umeme) kabla ya miksa, ubarikiwe sana: ule mvumo wote uliisha! Mwangwi wa kinanda niliupunguza, maana ukumbi nao unarudisha sauti. Niligawa kibodi, besi kushoto, fidla kulia, taarab ikakolea. Ninachokikosa ni gurudumu la kupindisha noti. Solo za kuvuta hazitoki. Ndiyo maana sasa naitafuta Yamaha PSR-E473, inalo.